Kuku wa kienyeji wa pilipili na zabibu za Dodoma

Zabibu nyekundu ya Dodoma ina utamu na uchachu ndani ya tunda moja. Kwenye mchuzi wa kuku, kazi hiyo huwa tunawagawia wengi: nyanya ya kopo, ndimu, kijiko cha sukari na kile kidonge cha supu cha dukani ambacho kwa sehemu kubwa ni chumvi. Zabibu inaweza kuibeba karibu yote, mradi ushike mambo mawili: mbegu zake zisisagike, na tunda lisiingie motoni mapema. Mengine ni kuku wa pilipili kama unavyomjua, ila mafuta na chumvi vinapungua.

Chakula hiki kinatosha watu 6. Ukitaka mle saa moja usiku, anza saa tisa alasiri, maana kuku wa kienyeji haharakishwi. Mwenye kuku wa kisasa anaweza kuanza saa kumi na moja na akawahi.

Sokoni

Anza na kuku. Wanaoletwa kutoka Singida na vijiji vya Chamwino, Bahi na Kondoa huwa wa umri tofauti ndani ya tenga moja, na umri ndio unaoamua kama utakaa jikoni saa moja au saa mbili na nusu. Mshike kuku, papasa ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ikipinda kidogo kama sikio, bado ni kijana. Ikiwa ngumu kama jiwe, amekomaa. Angalia miguu pia: magamba laini yanayong'aa ni ya kuku mdogo, magamba yaliyopauka na kuinuka ni ya mzee. Jogoo mwenye mwiba mrefu nyuma ya mguu mwachie mpika supu. Tunachotafuta hapa ni temba (kuku jike kijana) au jogoo kijana ambaye akishachinjwa na kusafishwa atabaki na kilo 1.3 hivi. Chotara naye anafaa, na mara nyingi ana nyama zaidi kwa bei hiyohiyo.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na mwezi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hapo utazikuta kwenye ndoo na mabeseni katika masoko ya Majengo na Sabasaba na kando ya barabara, zikitoka Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Mbabala. Nyekundu iliyozoeleka ni ile inayoitwa Makutupora nyekundu. Ni zabibu ya mvinyo, kwa hiyo ina ngozi nene, mbegu, na rangi inayoshika hadi kwenye kucha. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Usikitupe kichala chenye punje chache zisizoiva sana, uchachu wake una kazi. Kitupe chenye harufu ya pombe au chenye punje zilizopasuka na kuvuta nzi.

Ule ungaunga mweupe juu ya punje kwa sehemu kubwa ni nta ya tunda lenyewe, lakini wakulima wengi pia hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu. Hivyo usioshe kichala kizima kwa kukichovya. Chambua punje, weka kwenye beseni la maji, sugua polepole kwa viganja, mwaga, rudia mara mbili hadi maji yabaki meupe.

Mahitaji

- kuku 1 wa kienyeji, kilo 1.2 hadi 1.5 baada ya kusafishwa, akatwe vipande 12
- zabibu nyekundu nusu kilo
- vitunguu maji 3 vya wastani
- nyanya 2 zilizoiva, zisizidi
- ukwaju wa ukubwa wa ndimu moja
- tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba, na punje 6 za kitunguu saumu
- pilipili mbuzi 2. Kwa wanaopenda kutoka jasho, ongeza pilipili kichaa 2
- binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, mbegu za giligilani vijiko 2 vya chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, karafuu 3, mdalasini kijiti kimoja kifupi
- mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula
- ndimu 2
- chumvi kijiko 1 cha chai, kisawazishwe kwa kisu
- majani ya giligilani, shada moja

Binzari ya manjano haimo, na si kwamba tumeisahau. Manjano ikikutana na zambarau ya zabibu hutoa rangi ya tope, na mchuzi mzuri utaonekana kama umechacha kabla mtu hajauonja.

Kuhusu chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kutoka kwenye vyakula vyote. Kijiko kimoja kwa sufuria ya watu 6 kinakuacha mahali pazuri. Baadhi ya visima vya hapa vina maji ya chumvichumvi. Kama maji yako ni hayo, anza na nusu kijiko, uonje mwishoni.

Kumsafisha na kumkata

Maji ya kumnyonyolea yawe ya moto ya kuumiza mkono, yasiwe yanayotokota. Ukimtumbukiza kwenye maji yanayochemka, ngozi inaiva na kuchanika, manyoya yanakatikia ndani. Sekunde 40 hadi 60 zinatosha. Vuta unyoya mmoja wa bawa, ukitoka bila ubishi mtoe.

Unapopasua tumbo, itafute nyongo kabla ya kuvuta chochote. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Ikate pamoja na kipande kidogo cha ini, usiibandue kwa kucha. Ikipasuka, mahali ilipogusa pakatwe patupwe, kwa sababu kuosha hakuondoi uchungu wake wote, na uchungu huo ukichanganyika na zabibu hutajua umlaumu nani.

Ondoa ngozi kwenye kidari na mapaja, pamoja na mafuta ya njano karibu na mkia na kwenye firigisi. Mafuta mengi ya kuku yako hapo. Vipapatio vibaki na ngozi yake. Kuvichuna ni kazi ndefu kwa faida ndogo. Shingo, mgongo na miguu usitupe, vinaingia kwenye supu.

Ukiosha nyama, osha ndani ya beseni kwa utulivu. Bomba la kasi hurusha maji yenye vijidudu hadi kwenye nyanya zilizo pembeni. Ubao na kisu vilivyokata kuku vioshwe kwa sabuni kabla havijagusa kachumbari. Au kata kachumbari kwanza, uifunike, ndipo uingie kwenye kuku.

Kumkoleza

Twanga tangawizi yote na vitunguu saumu vyote kwenye kinu hadi vilainike. Nusu ya mchanganyiko huo paka kwenye nyama pamoja na maji ya ndimu moja na nusu ya chumvi. Nusu nyingine iweke pembeni. Acha nyama ikae dakika 30 hadi 45 mahali penye ubaridi.

Kama kuku ni mkongwe, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwaruzwa, pamoja na ganda lake lililooshwa vizuri. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Lakini hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona dakika 30 hazitoshi, wanamwacha usiku kucha. Asubuhi nyama ya juu imekuwa kama uji na ya ndani bado ngumu, kwa sababu papai halizami sana. Dakika 30, kisha jikoni.

Magadi yasitumike. Yanalainisha, ni kweli, lakini yanaua uchachu na yanabadili rangi ya zabibu. Ukitaka kuhakikisha, tia chembe ya magadi kwenye kijiko cha maji ya zabibu nyekundu: yanageuka bluu ya kijivujivu palepale. Hakuna mgeni atakayekubali mchuzi wa rangi hiyo.

Sufuria ya kwanza: kuivisha

Weka shingo, mgongo na miguu chini ya sufuria, mapaja juu yake, kidari juu kabisa. Tia kitunguu kimoja kilichopasuliwa mara nne, mdalasini, karafuu na maji lita 1.2. Moto uwe mkubwa hadi maji yaanze kuchemka, engua povu, kisha punguza hadi uone mapovu madogo yanapanda moja moja. Funika.

Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100 za pwani. Nyuzi nne zinaonekana chache, ila kwa nyama ngumu zinahesabika: maelekezo yanayosema saa moja, ongeza robo saa. Kuongeza moto hakusaidii, maji yanayotokota kwa fujo hayazidi joto hilo, yanakauka tu na kuikaza nyama. Kinachosaidia ni kifuniko kinachobana, au presha kuka, ambayo huivisha kuku wa kienyeji kwa dakika 25 hadi 35.

Kwa sufuria ya kawaida tegemea hivi: kuku wa kisasa dakika 25, chotara dakika 45 hadi 60, kienyeji kijana saa moja na robo, kienyeji aliyekomaa saa mbili au zaidi. Kidari kitolewe mapema, dakika 30 kabla ya mapaja kwa kuku wa kienyeji, kwani hakina mafuta na kikizidishwa kinakuwa nyuzi za kamba. Kipimo ni uma: choma paja karibu na mfupa, ukiingia na kutoka bila nyama kuinuka nao, tayari. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74 kwenye sehemu nene kwa usalama, ila kwa kienyeji usalama hufika muda mrefu kabla ya ulaini.

Toa vipande vya nyama. Chuja supu, iache itulie dakika 10 na uengue mafuta yanayoelea. Ikusalie kama vikombe 2 na nusu. Ikizidi, ichemshe bila kifuniko. Ikipungua, ongeza maji ya moto.

Zabibu, kwa njia mbili

Wakati kuku anaiva, gawa zabibu. Chukua gramu 300, kama theluthi mbili kasoro kidogo, weka kwenye sufuria ndogo na nusu kikombe cha maji. Moto mdogo, dakika 10, hadi ngozi zipasuke zenyewe na maji yageuke ya zambarau iliyoiva. Ziponde kwa mgongo wa mwiko wa mti, kwa kubembeleza, kisha zipitishe kwenye chujio ukisukuma kwa kijiko. Utapata karibu kikombe kimoja cha rojo laini. Mbegu na maganda vinabaki juu ya chujio.

Blenda isihusike. Mbegu ya zabibu ikisagwa inatoa uchungu na ukakasi, ule unaokausha ulimi na kushika meno kama uliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Ukishaingia kwenye mchuzi hautoki. Sukari itauficha kwa tonge la kwanza tu.

Gramu 200 zilizobaki pasua kila punje kwa urefu na utoe mbegu kwa ncha ya kisu. Kazi hii ni ya kukaa chini na kuwapa watoto bakuli; mtu mmoja humaliza kwa robo saa. Ziweke pembeni, zitaingia dakika ya mwisho.

Loweka ukwaju kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, ukamue, utoe kokwa na nyuzi.

Viungo na pilipili

Kikaango kikavu, moto wa wastani: binzari nyembamba, giligilani na pilipili manga. Tikisa. Kati ya dakika moja na moja na nusu harufu hubadilika kutoka ya majani makavu hadi ya karanga, na mbegu moja moja huanza kuruka. Mwaga kwenye kinu mara hiyo. Ukiziacha kikaangoni zitaendelea kuungua hata moto ukizimwa. Twanga. Kiungo cha paketi kilichosagwa kinakubalika, kikaangwe sekunde 20 tu.

Pilipili mbuzi moja ipasue, toa ule utando mweupe unaoshika mbegu ndani, ikatekate. Ukali mwingi uko kwenye utando huo. Mbegu zenyewe huambukizwa tu kwa kugusana nao. Ya pili ibaki nzima na kikonyo chake. Hii nzima itaelea kwenye mchuzi na kuacha harufu yake tamu bila kumuunguza mtu, mradi isipasuke, kwa hiyo koroga ukiikwepa. Wanaotaka moto zaidi wataipasua kwenye sahani zao.

Paka mafuta kidogo mikononi kabla ya kukata pilipili, ukimaliza nawa kwa sabuni mara mbili. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na hausikii maji matupu.

Changanya kijiko kimoja cha chai cha viungo vilivyotwangwa na nusu ya tangawizi na saumu iliyobaki, kijiko kimoja cha maji ya ndimu na kijiko kimoja cha chakula cha rojo la zabibu. Huu ndio upako wa kuchomea. Viungo vilivyosalia na tangawizi iliyosalia vitaingia kwenye mchuzi.

Mkaani

Mapishi mengi yangekuambia sasa umkaange kuku kwenye mafuta. Tunashauri mkaa. Unapata rangi na moshi bila kijiko cha mafuta, na jiko la mkaa mara nyingi tayari linawaka.

Subiri mkaa ushike wote na uvae jivu jeupe. Weka wavu, shika kiganja juu yake mahali nyama itakapokuwa: ukiweza kuhesabu hadi nne au tano kabla ya kutoa mkono, moto ni huo. Ukitoa kwenye mbili, tandaza mkaa au inua wavu. Kausha vipande kwa kitambaa safi, paka upako, choma dakika 3 hadi 4 kila upande. Upako una sukari ya zabibu, hivyo mpito kutoka hudhurungi hadi nyeusi ni wa sekunde chache. Usiondoke hapo kwenda kufungua mlango. Nyama ilishaiva, tunatafuta rangi tu. Palipoungua kabisa pakwanguliwe.

Mwenye gesi pekee atumie kikaango kizito kilichopakwa mafuta kwa karatasi au kitambaa, moto mkubwa, muda huohuo.

Sufuria ya pili: mchuzi

Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au chungu. Uchachu wa zabibu na ukwaju hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Kama una alumini tu, pika lakini usiache chakula kilale humo.

Pasha mafuta vijiko viwili, tia vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba na robo ya chumvi iliyobaki. Moto wa wastani, dakika 10, hadi vilainike kabisa na kingo zianze rangi ya dhahabu. Vikishika chini, nyunyiza kijiko cha supu, usiongeze mafuta. Hatua hii isikatizwe, kwa sababu kitunguu kikikutana na uchachu kabla hakijalainika kitabaki kigumu hata ukikichemsha nusu saa, na utakuta vipande vinalia menoni kwenye mchuzi uliokwisha kuiva.

Tia tangawizi na saumu iliyobaki, pilipili iliyokatwa na viungo. Koroga dakika moja; ukali wa pilipili unayeyukia kwenye mafuta sasa na kusambaa sawasawa. Tia nyanya zilizokwaruzwa bila ganda, pika dakika 6 hadi zikauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mimina supu vikombe 2, pilipili nzima, acha ichemke dakika 10 bila kifuniko.

Sasa rojo la zabibu. Punguza moto, mimina, koroga. Kuanzia hapa sufuria ina sukari ya tunda na chini panaweza kushika, hivyo mwiko upite chini kila dakika moja au mbili. Baada ya dakika 8 mchuzi utakuwa umepungua na kuwa wa rangi ya matofali mabichi yenye zambarau kwa mbali. Chota kwa mwiko, chora mstari kwa kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, uzito umefika. Ukijifunga upesi, pika zaidi.

Ingiza kuku aliyechomwa, funika, dakika 10 za moto mdogo sana. Onja. Ndipo ukwaju uingie, kijiko kimoja kimoja cha chakula, ukionja kila mara. Kwa zabibu zilizoiva sana utahitaji vijiko vitatu au vinne. Kwa zenye uchachu, kimoja au hata kisihitajike. Chumvi iliyobaki iingie baada ya ukwaju, kwa kuwa uchachu huongeza hisia ya chumvi na mara nyingi utagundua hauhitaji yote.

Mwisho kabisa, zabibu zilizopasuliwa. Dakika 3, sufuria wazi, usikoroge kwa nguvu. Zinatakiwa zipate moto na kulegea kidogo, si kuvunjika. Nyunyiza giligilani, zima.

Ukiona hivi

Mchuzi ni mtamu kama jamu: zabibu zilikuwa zimeiva kupita kiasi au umekausha mno. Tia ndimu, na nusu kikombe cha supu. Pilipili manga kidogo nayo husaidia.

Mkali kupita kiasi: usiongeze maji, yatakupa mchuzi mwepesi na mkali. Toa pilipili nzima kama bado ni nzima, ongeza nyanya iliyopikwa pembeni, na uandae mtindi au maziwa mgando mezani. Protini na mafuta ya maziwa huushika ukali na kuuondoa ulimini; maji ya baridi yanausambaza tu.

Ukakasi: mbegu zilisagika, au ulisukuma chujio kwa nguvu hadi maganda yakapita. Vijiko viwili vya karanga zilizosagwa huupunguza. Hauondoki wote.

Nyama ngumu ingawa imepakwa, imechomwa na imeingia kwenye mchuzi: ilitolewa mapema kwenye supu. Irudishe kwenye supu iliyobaki na maji, ipikwe yenyewe. Ukijaribu kuilainishia ndani ya mchuzi wa zabibu, mchuzi utaungua kwanza.

Msimu usipokuwepo

Zabibu kavu hufaa: gramu 100, ziloweke kwenye maji ya moto nusu saa, nusu zisage na maji yake (nyingi za dukani hazina mbegu; zipapase kwanza), nusu zibaki nzima. Ni tamu mno, kwa hiyo ukwaju uwe mara mbili.

Ubuyu nao ni wa kwetu kabisa, na ndio tunaoupendelea kiangazi. Vijiko 3 vya chakula vya unga mweupe wa ubuyu, ukorogwe kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na kuchujwa, uingie baada ya moto kuzimwa. Ukichemshwa unavutika na sehemu ya vitamini C yake inapotea. Uwe ubuyu mtupu. Ule mwekundu wa kumung'unya una sukari na rangi. Kwa utamu tia embe bivu gumu lililokatwa vipande, kuanzia Novemba yanapoanza kujaa sokoni.

Embe bichi, kwa upande wake, lina uchachu bila utamu. Linachukua nafasi ya ukwaju, haliwezi kuchukua ya zabibu.

Sahani

Ugali wa uwele au mtama unaukubali mchuzi huu kuliko wali. Kwa watu 6, lita moja ya maji na nusu kilo ya unga: koroga kwanza unga wa viganja viwili kwenye maji baridi, uchemke uwe uji, ndipo usonge na unga uliobaki, dakika 10 za kugandamiza ukutani mwa sufuria. Unga wa uwele una mafuta na huchacha ukikaa. Nunua wa kusagwa wiki hiyo, unuse kabla ya kulipa.

Mboga iwe nyingi kuliko ugali: mlenda au mchicha uliochemshwa bila mafuta. Kachumbari iwe ya tango, kitunguu kilichooshwa kwa maji ya chumvi, na papai lililoanza kuiva lakini bado gumu, na ndimu juu yake. Nusu ya sahani mboga na kachumbari, robo kuku, robo ugali wa ukubwa wa ngumi.

Kwa mwenye kisukari: nusu kilo ya zabibu ina sukari ya angalau gramu 75, ikigawanywa kwa watu 6 kila mmoja hupata gramu 12 au zaidi, yaani kama kijiko kimoja cha chakula. Anaweza kula, ila mchuzi upimwe kwa kijiko, ugali upungue, na juisi isiwepo mezani.

Kinachobaki

Hamisha kwenye bakuli la kioo au plastiki lenye kifuniko na uweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Joto la Oktoba na Novemba halikupi muda zaidi ya huo. Siku ya pili mchuzi huwa mzito kama uji na pilipili imezama zaidi, kwa hiyo ongeza supu au maji robo kikombe, upashe moto hadi uchemke kabisa, kisha weka zabibu chache mbichi zilizopasuliwa juu yake, kwani zile za jana zimekwisha kulainika.